Mhuri Haushiki Kwenye Plastiki

Duka lilikuwa na milango miwili, lakini uliofunguliwa ni mmoja, kwa sababu nyuma ya ule wa pili ilisimama mashine kubwa ya kutoa kopi na tangu iingizwe hapo hakuna aliyepata nguvu ya kuihamisha. Kaunta ilikuwa upande wa kushoto. Juu yake kulikuwa na kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi, kisu cha kukatia karatasi, stepla tatu ambazo moja tu ndiyo ilifanya kazi, na kwenye kona, karibu na soketi, mashine ya kupiga plastiki. Ukutani juu ya mashine hiyo ilining'inia digrii.

Ilikuwa digrii halisi, ya sayansi ya chakula, yenye nembo ya chuo na saini mbili. Lakini wateja waliichukulia kama sampuli ya kazi. Mtu alikuja na kitambulisho chake, akainua kidole ukutani: "Nataka kama hiyo. Ila yangu isiwe na ukungu."

Kweli plastiki ile ilikuwa na ukungu, weupe fulani kama kioo kilichopumuliwa, na juu ya saini ya mkuu wa chuo palikuwa na mapovu mawili ya hewa.

"Hiyo ni ya nyumbani," mwenye duka alijibu kila mara. "Yako itatoka safi."

Mtaa ulimwita Kopi. Hata mama yake, akiwa na haraka, alimwita hivyo. Duka lilikuwa la baba yake, ambaye Kopi na mtaa mzima walimwita Mzee, na Mzee alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa unakatika. Kopi aliingia kila asubuhi, akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa kilekile alichotumia Mzee, akakikunja mara nne kama Mzee, akakiweka palepale. Hakuna aliyemwagiza. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Pesa ya kuendelea ilikuwa ya mtoto mmoja, na Mzee hakuzunguka mbuyu. Aliwaweka wote wawili mezani, akasema dada ana kichwa cha vitabu na kaka ana mkono wa mashine. Ilikuwa kweli, na Kopi hakubisha. Ila kuna ukweli unaoukubali na bado unabaki kinywani kama punje ya wali katikati ya meno. Ulimi haukomi kuutafuta.

Mzee alikuwa na masharti yake ya kazi. Kitambulisho, lete. Picha ya harusi, lete. Menyu ya mgahawa, karibu sana, kaa. Cheti cha chuo, hapana. Mtu akija nacho, Mzee alikigeuza, akagonga ule upande mweupe wa nyuma kwa ukucha.

"Hapa ndipo pa mihuri," alisema. "Siku ukitaka kazi ya nje, wizara itagonga hapa, na ubalozi utagonga hapa. Mhuri haushiki kwenye plastiki. Nikikupigia leo nimekufungia mlango. Nenda kanunue bahasha ngumu."

Wengine walinuna. Mmoja, mwalimu, alikuja na chake kikiwa kimeshapigwa mahali pengine, akamwomba Mzee akibandue. Mzee alijaribu. Wino wote ukaondoka na plastiki, karatasi ikabaki nyeupe kama siku iliyotoka kiwandani, na yule mwalimu, mtu mzima na tai yake shingoni, akalia palepale kwenye kaunta. Mzee hakugusa tena kazi ya namna hiyo.

Kwa hiyo Kopi alielewa vizuri alichokiona siku ile aliporudi kutoka kuchukua karatasi za jumla. Mzee alikuwa ameketi kwenye stuli, amevaa sweta katikati ya joto, kifua kikimpiga filimbi. Ugonjwa ulikuwa umeshamla mpaka saa ya mkononi ilimfika kwenye kiwiko. Na digrii ya binti yake, aliyetoka nayo chuoni wiki hiyohiyo, ilikuwa ikitoka taratibu mdomoni mwa mashine, ndani ya plastiki.

Taa ya mashine ilikuwa bado nyekundu. Mashine ile huchukua dakika tano kupata moto. Nyekundu maana yake subiri, kijani maana yake pitisha. Wanawe walijua hilo kabla hawajajua kusoma.

"Mzee, taa."

"Nimeiona."

"Na hicho si cheti cha—"

"Nimekwambia nimeona. Nitundikie pale juu."

Kopi alikitundika. Jioni dada aliingia, akakiona, akaweka mikono miwili mdomoni. "Baba! Umenipigia plastiki mwenyewe?" Mzee alitabasamu, akakohoa, akatabasamu tena. Miezi miwili baadaye walimzika.

Kopi hakusema kitu. Mwanzoni alinyamaza kwa sababu Mzee alikuwa mgonjwa. Halafu kwa sababu Mzee alikuwa marehemu. Halafu ukimya wenyewe ukazeeka, ukawa kitu cha nyumbani kama kabati, unapita pembeni yake bila kukiangalia. Na tuseme yote: dada akiwepo, Mama alikuwa na mtu wa kusemezana naye jikoni, na Kopi alikuwa na mtu wa kugombana naye kuhusu chumvi.

Dada mwenyewe alituma maombi ya kazi mpaka akaacha kuhesabu. Alichopata ni kazi ya kupima mboga kwenye duka kubwa la kujichukulia. Alivaa aproni ya kijani, akasimama mbele ya mzani, akapima nyanya na vitunguu, akabandika kijikaratasi cha bei kwenye mfuko. Jioni alipitia dukani kwa kaka yake kutumia kompyuta.

Na jioni ndipo Kinyozi alipokuwa na nafasi. Kibanda chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na duka. Alimzidi dada miaka kumi na tano, na bado alimwamkia yeye.

"Shikamoo, Digrii."

"Usinizeeshe."

"Sikuamkii wewe, naamkia karatasi yako. Nyanya zinasemaje leo?"

"Zinasema upande wako mmoja wa ndevu ni mrefu, na wewe ndiye kinyozi."

"Mimi niliishia darasa la saba," Kinyozi alimwambia Kopi, kana kwamba dada hayupo. "Nina viti viwili na kioo cha ukuta mzima. Kichwa kinaota nywele bila kuniuliza nimesoma wapi. Miaka minne yeye anasoma, mimi nanyoa. Sasa nani yuko mbele?"

"Kaka, mwambie huyu ana mteja anamsubiri."

"Anasubiri kwa sababu ananitaka mimi. Wewe nani anakusubiri?"

Dada alicheka. Usiku ule alituma maombi mengine matatu.

Moja likajibiwa. Kilikuwa kiwanda cha maziwa, ng'ambo, nchi ambayo Mama alipotajiwa aliuliza kama huko nako kuna jua. Walitaka mtu wa maabara wa kupima maziwa yanayoingia asubuhi na kusema haya yapite, haya yamwagwe. Usaili ulifanyika kwa kompyuta ya dukani, saa tano asubuhi, siku ya mapumziko ya dada. Kopi alifunga nusu ya mlango, akazima mashine kubwa isingurume, akakaa sakafuni nje ya macho ya kamera, mgongo wake ukiegemea mashine.

Alisikia Kiingereza chote, akaelewa sehemu kubwa. Waombaji walikuwa zaidi ya mia moja, kutoka kila upande wa dunia, na wote walikuwa na digrii. Mwanamke mmoja kwenye skrini alimwuliza dada mbona wasifu wake wa kazi unaonyesha miaka miwili ya sokoni.

"Napima mboga," dada alisema. "Nilipoanza, mzani ulikuwa unazidisha gramu thelathini. Hakuna aliyejua. Nikachukua pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, nikawa naupima mzani kwayo kila asubuhi kabla ya kufungua. Naandika kwenye daftari. Ukipotoka, nausimamisha."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Mzani ukidanganya, hata mimi nimedanganya."

Yule mwanamke akaomba kuliona lile daftari. Dada alikuwa nalo mkobani. Aliliinua mbele ya kamera, akalifungua ukurasa baada ya ukurasa, tarehe na gramu, tarehe na gramu, na Kopi pale sakafuni akajikuta ameuma kidole gumba.

Wiki moja baadaye barua ya kazi ilikuja. Mkataba wa miaka miwili. Alete digrii halisi, iwe imehakikiwa na kugongwa mhuri nchini kwake, ndipo viza itoke. Aripoti baada ya siku thelathini. Kwa hesabu za viza, mhuri ulitakiwa upatikane ndani ya siku kumi na tisa.

Kinyozi alikuja akiwa na mashine ya kunyolea mkononi. "Nasikia umepata?"

"Nimepata."

"Aisee." Alihamishia mashine mkono wa kushoto, akampa mkono kama mtu mzima mwenziwe. "Basi ng'ombe wa huko wamekwisha. Utawasumbua kwa daftari."

Dada alipanda kwenye stuli, akaishusha digrii ukutani, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Ukuta ulibaki na mraba msafi pale ilipokuwa. "Kesho naipeleka kuhakikiwa," alisema.

Hapo ndipo pa kusema. Kopi alijua kwamba hapo ndipo. Alifungua mdomo, mteja akaingia na kitabu kizima cha kutoa kopi, na Kopi akamshukuru mteja yule moyoni. Ndivyo ilivyokuwa, na baadaye aliona haya kwa shukrani ile kuliko kwa jambo lingine lolote.

Kesho yake, saa nane mchana, dada alirudi. Hakusalimia. Aliiweka digrii juu ya kaunta. Kwenye plastiki, upande wa nyuma, palikuwa na doa la zambarau lililoburutwa.

"Afisa amenionyesha," alisema. "Amegonga mhuri hapa, halafu akapitisha kidole. Umefutika wote. Akaniambia, dada yangu, mhuri wangu haushiki kwenye plastiki, lete karatasi."

"Chuoni je?"

"Nimeshapiga simu. Wanachapisha vyeti vya badala mara mbili kwa mwaka. Awamu ijayo ni baada ya miezi minne." Aliketi kwenye stuli ya Mzee. "Nimeandikia kiwanda waniongezee muda. Wamejibu wana huruma sana, lakini aliyeshika namba mbili yuko tayari."

Kinyozi alikuwa amesogea mlangoni, kitambaa begani. "Lakini ngoja," alisema, "Mzee si ndiye alikuwa anawafukuza watu wenye—"

"Umemwacha mtu na nusu kichwa," Kopi alimkata.

"Namalizia tu kuuliza."

"Rudi kwenye kichwa cha watu!"

Kinyozi akatazama uso wa Kopi, akarudi. Dada alikuwa bado anaangalia lile doa. "Masikini Baba," alisema taratibu. "Hakujua. Alitaka tu kipendeze."

Na hapa ilikuwa rahisi kabisa kutikisa kichwa na kusema ndiyo, hakujua. Neno lilikuwa tayari limeshakaa mdomoni. Mzee angebaki msafi, Kopi angebaki msafi, na dada angerudi kwenye nyanya akiwa na mtu wa kumlilia bila kinyongo.

"Alijua," Kopi akasema.

Dada aliinua macho.

"Alijua kuliko mtu yeyote mtaani hapa. Alikuwa akiwakatalia watu. Alikuwa akigonga nyuma ya cheti na kuwaambia nikikupigia nimekufungia mlango. Nilimsikia mara mia. Na mimi nilijua. Nilikitundika mwenyewe."

"Miaka miwili."

"Ndiyo."

"Nimekuja hapa kila jioni. Nimekaa chini yake. Nimetuma maombi ya nje, wewe ndiye umenichapia barua, na hukusema?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Angeweza kutaja ugonjwa na msiba. Alitaja lile lingine. "Sikutaka uende."

Dada alisimama. "Mlininyima wote wawili," alisema. "Yeye na wewe." Akachukua mkoba wake, akaiacha digrii juu ya kaunta, akatoka.

Siku tatu hakumwita kaka. Nyumbani alisema na Mama, na Mama akasema na Kopi, kama watu wanaopitisha sahani. "Anauliza kama umelipia maji." "Mwambie nimelipia." "Amesikia." Siku ya tatu Mama alichoka. Alimfuata Kopi uani alikokuwa anafua shati.

"Baba yenu aliniambia alichokifanya," alisema.

Kopi aliacha kufua.

"Jioni ileile. Alisema, nimefanya jambo la kijinga leo dukani. Nikamuuliza jambo gani, akasema, nataka anizike kwanza. Hakuongeza." Mama alichukua shati, akalikamua yeye, kwa sababu hakupenda Kopi anavyokamua. "Nilidhani ni homa inasema. Sasa naona siyo homa. Lakini amekwisha kuzikwa, mwanangu. Wewe unangoja nini?"

Kesho yake Kopi alirudi dukani mapema kabla ya saa ya kufungua. Digrii ilikuwa kwenye droo. Aliitoa, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, na kwa mara ya kwanza akaitazama kama kazi ya mtu mwingine, kama mteja ameileta. Alitazama ule ukungu. Kwa miaka miwili aliuonea aibu. Mzee, ambaye hakuwahi kutoa plastiki yenye povu, alikuwa ametoa hii, na Kopi aliweka jambo hilo kwenye fungu la ugonjwa: mkono ulitetemeka, macho yalichoka.

Lakini ukungu hautoki kwenye mkono wala kwenye macho. Gundi ya plastiki ni nyeupe mpaka iyeyuke. Ikiyeyuka inakuwa kama maji, inaingia kwenye karatasi, na hapo hakuna anayeweza kuitoa. Isipoyeyuka vizuri, inabaki na weupe. Taa ilikuwa nyekundu. *Nimeiona*, Mzee alisema.

Aliishika kona ya chini kwa vidole viwili, akaikunja kidogo. Plastiki ikatoa mlio mdogo mkavu, kama ganda la karanga.

Siku ya mapumziko ya dada, saa nne, Kopi alimwomba Mama amwambie dada aje dukani. Alikuja. Alisimama upande wa wateja.

"Nadhani inaweza kutoka," Kopi alisema. "Sina uhakika. Ya mwalimu ilitoka na wino wote. Hii haikupata moto wa kutosha, naona hivyo. Nikikosea, huna digrii kabisa, utasubiri ya miezi minne."

"Nisipojaribu?"

"Unayo digrii ya ukutani."

Dada aliisukuma digrii kuelekea kwake juu ya kaunta. "Kata," alisema.

Kopi alikwenda kibanda cha jirani kuomba wembe. Kinyozi alimpa mpya, bado uko kwenye karatasi yake, akamfuata bila kukaribishwa. "Nikushikie?" aliuliza. "Mkono wangu hautetemeki. Nimenyoa watoto wanaolia."

"Hapana. Simama pale, usizuie mwanga."

Kinyozi akasimama pale.

Kopi alifuta kaunta. Aliilaza digrii kifudifudi, akapitisha wembe kwenye ukingo wa juu, mahali plastiki ilipoishika plastiki mwenzake, nje ya karatasi kwa upana wa unyasi. Kisha ukingo wa kulia. Akaingiza ncha ya wembe kati ya plastiki na karatasi, akainua. Upande wa nyuma ulianza kuachia. Hakuuvuta juu. Aliukunja nyuma chini kabisa, uinamie mgongo wake, polepole kama mtu anayefunua uso wa aliyelala. Ukaachia wote, na lile doa la zambarau likaondoka nao.

"Moja," Kinyozi alinong'ona.

"Nyamaza."

Aliigeuza. Upande wa mbele ndio wenye maneno. Alianza chini, kwenye zile saini, kwa sababu huko kulikuwa na mapovu mawili, na penye povu plastiki haikuwahi kugusa karatasi. Saini ya mkuu wa chuo ikatoka nzima. Jina la dada likatoka. Kwenye nembo mkono wake ulihisi kizuizi, akaacha, akapumua, akabadili pembe. Pakakwaruzika. Alipoinua plastiki, punje moja ya rangi ya dhahabu, ndogo kuliko kichwa cha sindano, ilikuwa imebaki upande wa plastiki. Mengine yote yalikuwa juu ya karatasi.

Dada alizunguka kaunta, akaja upande wa ndani. Aliigusa karatasi kwa ncha ya kidole. Ilikuwa kavu, laini, na bado imenyooka.

"Alifanya makusudi?" aliuliza. "Kutokungoja taa?"

Kopi alikuwa amelifikiria hilo tangu asubuhi ile, na alikuwa na jibu zuri, jibu ambalo lingempendeza dada na Mama na yeye mwenyewe. "Sijui," alisema. "Alisema ameiona taa. Lakini pia alikuwa hawezi kukaa dakika tano bila kulala. Nilimkuta ameegemea ukuta."

"Ungeniambia ndiyo tu."

"Nimeshakunyima mambo mengine. Sitakupa la uongo."

Dada akavuta pumzi kwa pua. "Kaka," alisema, na ndipo Kopi akajua kinyongo kimekwisha, "wembe wa watu umeshika gundi. Urudishe."

"Usirudishe," Kinyozi alisema. "Nauweka. Nikisimulia kwamba wembe wangu ulifungua digrii, nani atabisha?"

Jumatatu afisa aliigeuza karatasi, akagonga mhuri, akangoja ukauke, akapitisha kidole. Haukufutika. Hakuuliza ile plastiki ilikwenda wapi. Mihuri mingine ikafuata, viza ikatoka siku mbili kabla ya tarehe, na dada akaondoka na sanduku moja, digrii ikiwa ndani ya bahasha ngumu ambayo Kopi aliinunua kwa pesa yake na kuiandika kwa mkono: USIKUNJE.

Miezi mitatu baadaye alipiga simu ya picha. Alikuwa amevaa koti jeupe na kofia ya wavu. Kinyozi alijibanza nyuma ya Kopi ili naye aonekane.

"Shikamoo, Digrii! Haya tuambie, imelipa?"

"Tuko watano maabara," dada alisema. "Wawili wana cheti cha mwaka mmoja tu, na kazi ni ileile. Mmoja ana digrii mbili, alikuja huku akaanzia kuosha chupa, ndiyo kwanza amepandishwa."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi!"

"Wewe subiri. Bila digrii nisingepigiwa ile simu ya kwanza, jina langu lingechujwa na kompyuta. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena. Wanauliza mzani umepimwa saa ngapi. Na nimemisi kugombana juu ya chumvi, kwa hiyo sijui nikujibu nini. Niulize mkataba ukiisha."

Kinyozi alikuna kidevu.

"Digrii yenyewe iko wapi?" Kopi aliuliza.

"Ninayo chumbani. Siku ya kwanza waliitoa kopi, wakanirudishia."

"Kopi imetoka vizuri?"

"Imekaa upande. Nembo imekatika."

"Watu wa huko!" alisema Kopi, na kwa mara ya kwanza tangu dada aondoke, alicheka mpaka Mama akatoka nyuma kuuliza kuna nini.

Ile plastiki hakuitupa. Ilikuwa imebaki na umbo la karatasi ndani yake, na ukungu wake, na ile punje ya dhahabu kwenye kona. Kabla dada hajaondoka Kopi alikuwa ametoa kopi ya rangi ya digrii, imekaa sawasawa, nembo nzima. Aliirudishia kopi hiyo ndani ya plastiki ya Mzee, pande mbili zikiwa zimeshikana na mbili ziko wazi, akaitundika kwenye mraba wake msafi ukutani. Mashineni hakuipitisha.

Wateja bado wanainua kidole. "Hiyo mbona haijabandikwa? Mtu akiivuta si inatoka?"

"Inatoka," Kopi husema, huku anaangalia taa. Anangoja iwe kijani, kisha anapitisha kitambulisho chao.